Homa Zisizohesabiwa za Babati

Mtu wa Singe akishikwa na homa, njia atakayopita inajulikana. Anaanza na panadol ya dukani. Siku ya tatu bila nafuu anakwenda zahanati, anachomwa kidole, na kipimo cha haraka cha malaria kinasoma hasi. Hapo linatajwa jina la pili, taifodi, kisha la tatu, UTI, na wengi hurudi nyumbani wakiwa wamepewa yote mawili kwa mpigo. Wiki ya pili homa inarudi kila jioni, viungo vinauma, jasho la usiku linalowesha shuka. Mgonjwa anarudi kupimwa, na anapimwa vilevile.

Ni rahisi kumlaumu mhudumu, lakini lawama hiyo haiendi mbali. Mhudumu hutaja ugonjwa ambao kipimo chake kipo mezani. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana nchini, kile cha Widal, ni cha mwaka 1896, na kinaweza kusoma chanya kwa mtu asiyeumwa taifodi hata kidogo. Ndicho kilichopo. Swali ambalo tafiti za kanda ya kaskazini zimekuwa zikilizunguka kwa miaka zaidi ya ishirini ni hili: kama si malaria, na mara nyingi si taifodi, basi watu hawa wanaumwa nini? Na la pili, ambalo watafiti huliuliza kwa sauti ya chini zaidi: mbona majibu yalishapatikana, na bado meza ya zahanati ni ileile?

Singe ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwenye makaratasi ni mji. Ukitembea utakuta mji wa aina yake: mahindi yanaishia ukutani mwa nyumba, ng'ombe na mbuzi wanapita barabarani jioni, nguruwe wako nyuma ya jiko, mbwa hawana idadi. Barabara ya kutoka Arusha inagawanyika hapa, mkono mmoja kwenda Dodoma na mwingine Singida, kwa hiyo mifugo na nyama hupita kutoka pande zote. Mlima Kwaraa uko juu, Ziwa Babati liko chini, na Hifadhi ya Tarangire haiko mbali. Kwa mtafiti wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, mahali kama hapa ndipo kazi ilipo.

Tuanze na takwimu ambazo hazijapata umaarufu unaostahili. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Walikuwa na wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Damu yao ilipotazamwa upya kwa hadubini, wenye vijidudu vya malaria walikuwa 2,062, pungufu ya nusu. Miaka michache baadaye, kundi la John Crump lililofanya kazi Moshi, katika Hospitali ya KCMC na Hospitali ya Mawenzi, lilikwenda mbele zaidi: halikuishia kusema "si malaria", liliuliza ni nini. Kati ya wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008, 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14.

Kati ya wale waliopimwa kikamilifu, zaidi ya robo, watu 118, walikuwa na maambukizi ya bakteria watokao kwa wanyama: homa ya mgunda kwa 40, riketsia za kupe na jamaa zake kwa 38, homa ya Q kwa 24, brusela kwa 16. Wengine 55 walikuwa na chikungunya. Wala hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa hao 118 ambaye daktari wake alikuwa amemwandikia ugonjwa uliomlaza. Moshi si Babati, na mtu asichukue asilimia za Kilimanjaro akazibandika Manyara. Lakini mkoa wa wafugaji wa Kimaasai, Wabarbaig, Wairaqw na Wagorowa una sababu chache sana za kutarajia takwimu nzuri kuliko hizo.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa si tatizo. Homa ya mgunda, riketsia na homa ya Q zote husikia doksisaiklini, dawa ya bei nafuu iliyojaa madukani. Brusela nayo huisikia, ila inataka wiki sita na dawa ya pili pembeni, kwa kawaida rifampisini au sindano ya streptomaisini au jentamaisini. Mgonjwa aliyepewa dozi ya siku tano ya kitu kingine atapata nafuu ya kudanganya, kisha atarudi.

Sasa tazama namna nchi inavyopanga vita yake. Mpango wa Taifa wa kudhibiti magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, uliounganishwa mwaka 2009, umejengwa juu ya magonjwa matano: matende na mabusha, usubi, trakoma, kichocho na minyoo ya tumbo. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ina makundi 21 tangu ugonjwa wa noma ulipoingizwa Desemba 2023. Kwa nini hapa yawe matano? Kwa sababu haya yana dawa inayotolewa bure na inayoweza kugawiwa kwa watu wote bila kumpima mtu mmoja mmoja. Ivamektini inatoka Merck ya Marekani tangu 1987, albendazoli inatoka GSK, azithromaisini ya trakoma inatoka Pfizer, prazikwanteli ya kichocho inatoka Merck ya Ujerumani. Mwalimu anasimamisha watoto mstari mmoja, anawapima urefu kwa fimbo yenye alama, alama inasema vidonge vingapi, na kazi imeisha kabla ya saa sita.

Sidharau kazi hiyo. Wilaya nyingi za Tanzania zimeacha kugawa dawa za matende kwa sababu maambukizi yameshuka, na kuna vijiji ambako kope za watu hazigeuki tena kuchoma jicho. Ila ukweli wake wa kisiasa ni huu: ramani ya magonjwa yetu ilichorwa kwa kufuata shehena ya dawa. Ugonjwa wenye dawa ya bure ulipata wataalamu wa kuhesabu, magari, siku ya kampeni na lengo la mwaka. Ugonjwa unaohitaji kwanza kupimwa, tena kwa mtu na kwa mnyama, ulibaki kwenye tasnifu za wanafunzi wa uzamili.

Tegu ya nguruwe ndiyo kesi inayoonyesha hili wazi kuliko zote, na utafiti wake mkubwa umefanyika jirani kabisa na Babati, wilayani Mbulu. Mzunguko wake ni mgumu kidogo, lakini anayeukosea hukosea na kinga. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vijifuko vya tegu, anapata mnyoo mrefu tumboni. Mnyoo huo haumsumbui sana. Mtu huyo humwaga mayai ya mnyoo kwenye choo, na kama choo ni kichaka, nguruwe anayezurura anayala, na vijifuko vinaota kwenye misuli yake. Mpaka hapo ni hadithi ya kitimoto. Lakini mayai yaleyale yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mkono usiooshwa, kwa mboga au kwa maji, vijifuko huota ndani ya binadamu, na vikiota kwenye ubongo huleta kifafa. Kwa hiyo anayeugua kifafa cha tegu si lazima awe amewahi kuonja nyama ya nguruwe. Anaweza kuwa Mwislamu safi, au mama mpishi, au mtoto wa jirani. Aliyekula nyama ni mwingine.

Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzake walipima nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu. Kipimo kilikuwa cha mikono: nguruwe anaangushwa, kinywa kinafunguliwa kwa kijiti, ulimi unavutwa na kupapaswa chini yake kutafuta vijifuko. Walikuta asilimia 17.4, na kijiji kwa kijiji takwimu ilitoka asilimia 3.2 hadi 46.7. Kipimo hiki huwakosa nguruwe wenye maambukizi madogo, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Wachuuzi wa nguruwe nao wanakijua. Nguruwe aliyeshindwa mtihani wa ulimi hatupwi. Anachinjwa mahali ambapo mkaguzi wa nyama hafiki.

Kilichofuata kinavutia kuliko takwimu zenyewe. Kundi hilohilo liliendesha jaribio la elimu ya afya katika vijiji 42 vya wilaya hiyo. Ufahamu wa watu ulipanda sana. Ulaji wa nyama yenye vijifuko, kwa maelezo yao wenyewe, ulipungua. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Hata hivyo, watafiti walipokwenda kutazama vyoo na mabanda kwa macho yao, hawakukuta mabadiliko ya kutajika. Watu walielewa, walibadilisha kile kisichogharimu pesa, na kile kinachogharimu bati na mbao kikabaki kilivyokuwa. Mtu anayehubiri kwamba tatizo la vijijini ni ujinga angepaswa kusomewa matokeo haya polepole.

Upande wa binadamu ulishughulikiwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo Mbulu tangu 1955, ambako daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye kifafa, kisha wakawapiga picha za CT za kichwa na kuzilinganisha na za watu wasio na kifafa. Vijifuko vilionekana kwa sehemu ya kutosha ya wagonjwa, na kwa nadra kwa wale wengine. Kwa familia ambazo zilikuwa zimezunguka kwa waganga zikitafuta nani aliyeroga, picha hiyo ilikuwa habari mpya. Kwa wizara ilipaswa kuwa habari kubwa zaidi, kwa maana kifafa hiki ni cha kuzuilika.

Zana za kuzuia zipo. Chanjo ya nguruwe ya TSOL18, ikiambatana na dozi ya oksifendazoli, imejaribiwa kwenye vijiji vya kusini magharibi mwa nchi yetu na watafiti wa SUA. Kikwazo ni cha kiuchumi, na hapa wachambuzi wengi hupita haraka mno. Nguruwe mwenye tegu hakondi. Anakula, ananenepa, anauzwa. Mfugaji wa Singe akinunua chanjo, anayelindwa ni ubongo wa mtu asiyemjua. Mfuko wake mwenyewe unapungua. Zaidi ya hayo, nyama ya nguruwe aliyepewa oksifendazoli haifai kuliwa kwa wiki kadhaa, na vijifuko vilivyokufa huendelea kuonekana kwa muda kwenye nyama. Soko halitamlipa mfugaji kwa wema wa aina hiyo. Ama serikali igharamie chanjo, ama machinjio ya mji yaanze kutofautisha bei ya nguruwe aliyekaguliwa na asiyekaguliwa. Njia ya tatu siioni.

Kuna kona nyingine isiyosemwa sana. Prazikwanteli inayogawiwa mashuleni kwa ajili ya kichocho huua pia mnyoo mkubwa wa tegu ulioko tumboni. Utafiti wa Uffe Braae na wenzake huko Mbozi na Mbeya ulionyesha kwamba kampeni za kichocho ziliambatana na kupungua kwa minyoo hiyo. Faida ya bure, mtu atasema. Lakini dawa hiyohiyo ikimkuta mtu mwenye vijifuko hai kwenye ubongo inaweza kuamsha degedege. Mpango unaogawa dawa bila kupima, katika eneo lenye tegu, unabeba hatari ambayo mpango wenyewe hauna macho ya kuiona.

Brusela iko tofauti. Inaingia kwa maziwa mabichi, na kwa mikono inayomzalisha ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba. John Kunda na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa Arusha na Manyara na kukuta kwamba takriban mmoja kati ya watano alifika hospitali zaidi ya mwaka mmoja baada ya dalili kuanza, na karibu nusu hawakutambuliwa katika ziara yao ya kwanza. Mwaka mzima wa homa za jioni na mgongo usioinuka, kwa mtu anayeishi kwa jembe. Huko Endulen, Ngorongoro, utafiti wa miaka ya karibuni uliootesha vijidudu kutoka kwenye damu ya wagonjwa ulikuta wengi wao wana aina ya mbuzi na kondoo, si ya ng'ombe. Ushauri wa kuchemsha maziwa ya ng'ombe, ambao sote tumeusikia redioni, ni mzuri, lakini haumgusi kijana anayeshika kondo la mbuzi kwa mikono mitupu.

Kipimo kinachofaa si cha ajabu. Rose Bengal ni tone la maji ya damu na tone la rangi ya waridi juu ya kigae cheupe; unachanganya, unasubiri dakika chache, unaangalia kama vinagandana. Inahitaji friji, mashine ndogo ya kuzungusha damu na mtu aliyefundishwa. Ubaya ni kwamba sokoni kuna vipimo vingine vya bei ndogo vilivyojipatia makazi. Watafiti waliopima ubora wa kipimo kimoja cha haraka kilichotumika kwenye vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya walikuta kinawapa watu wengi jibu la brusela ambayo hawakuwa nayo. Wiki sita za antibayotiki kwa ugonjwa usiokuwepo ni hasara mara mbili, ya mgonjwa na ya dawa yenyewe. Kuongeza kipimo kibovu mezani ni vibaya kuliko kuacha meza tupu, na wanunuzi wa halmashauri wangepaswa kulijua hilo kabla ya kusaini zabuni.

Kichaa cha mbwa nakitaja kwa ufupi kwa sababu ya takwimu moja. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria vifo vya binadamu nchini kwa kuanzia na majeraha ya kung'atwa badala ya taarifa za hospitali. Walipata takriban vifo 1,500 kwa mwaka. Taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha kama kumi na moja. Ugonjwa ambao kila mtu anaujua, ambao mgonjwa wake huonekana na mtaa mzima, ulikuwa umehesabiwa pungufu mara mia. Homa isiyo na dalili ya pekee itakuwa imepungukiwa kwa kiasi gani?

Mwaka 2017 wizara za afya na mifugo zilikaa pamoja zikachagua magonjwa ya wanyama yatakayopewa uzito na nchi: kichaa cha mbwa, Homa ya Bonde la Ufa na jamaa zake, mafua ya ndege, kimeta, malale na brusela. Tegu haimo. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani tegu imo, brusela haimo. Na kwenye matano ya mpango wetu wa dawa za kugawa, hakuna hata moja kati ya hayo mawili. Mgonjwa wa Singe anaweza kuanguka katikati ya orodha tatu bila kuguswa na yoyote, na kila mtunga orodha akawa amefanya kazi yake vizuri.

Utafiti uliokaribia zaidi kuonyesha njia haukuanzia hospitali. Kati ya 2017 na 2019, katika kata 15 za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maafisa mifugo walipewa kazi ya kuitikia wito wa mfugaji ambaye mnyama wake ametupa mimba, na kuchukua sampuli. Yalichunguzwa matukio 215 ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na katika 42 chanzo kilitambuliwa: brusela ilikuwamo, homa ya Q ilikuwamo, na hata Homa ya Bonde la Ufa ilionekana. Mtu anaweza kuona kwamba 42 kati ya 215 ni kidogo. Mimi naona kwamba afisa mifugo mmoja wa kata, mwenye pikipiki, glovu na kijiti cha pamba, aliona ugonjwa siku chache tu baada ya kutokea, wakati hospitali ingeusubiri ufike kwa binadamu, kisha uitwe taifodi. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba sampuli ikichelewa inapoteza maana, jambo ambalo ni hesabu ya petroli zaidi kuliko ya sayansi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini kwamba mashine kubwa ndiyo jibu. Fedha za Uviko-19, zile shilingi trilioni 1.3 za mwaka 2021, zilileta mashine za CT hadi hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo jema kwa mwenye kifafa ambaye zamani angepelekwa mbali. Lakini CT inaonyesha kijifuko kilichokwisha kuota. Anayeweza kukizuia ni mkaguzi wa nyama na mtu wa mifugo, watumishi ambao halmashauri nyingi huwapa mafuta ya mwisho baada ya kila idara kuchukua yake. Brusela ya mbuzi ina chanjo yake, Rev.1, tangu miaka ya 1950, na mbuzi wa Manyara hawachanjwi dhidi yake kwa kampeni yoyote ya kudumu.

Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha fedha ambazo kwa karibu miongo miwili ziligharamia ugawaji wa dawa za magonjwa haya katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Vidonge vya bure havikukoma siku hiyo. Kilichotetereka ni magari, posho na upimaji wa kufuatilia kama maambukizi yamerudi. Maofisa wa mipango sasa wanalazimika kuamua kwa shilingi za ndani ni nini kibaki. Katika bajeti ya halmashauri kama ya Babati uamuzi huo una sura ndogo sana: friji moja ya maabara, chupa za Rose Bengal, lita za petroli za afisa mifugo, na mtu wa afya na mtu wa mifugo wanaosoma daftari moja kila mwezi. Mbuzi aliyetupa mimba Singe akiandikwa kwenye daftari hilo, mhudumu wa zahanati ana sababu ya kuuliza swali jingine mgonjwa anapokuja na homa ya wiki ya pili, na ana mahali pa kuipeleka damu yake.